Mama amechubuka kwa mkojo, na anayemwosha ni mimi mwanawe wa kiume

Dada muuguzi, assalaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Pangani, nina duka dogo la vyakula hapa hapa nyumbani. Mama yangu ana miaka 71. Mwezi wa Mfungo Sita alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa machache. Alilazwa, akaruhusiwa, tukapewa vidonge vya presha na tarehe ya kliniki. Namna ya kumtunza kitandani hakuna aliyetuonyesha. Tangu arudi, haja zote mbili zinamtoka pale pale alipolala.

Mke wangu ni mwalimu Handeni, huja mwisho wa wiki. Dada yangu wa pekee yuko Maskati kwa kazi. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa ni mimi. Mama ananionea haya sana. Akiniona nimeingia na beseni anafumba macho na machozi yanamtoka. Na mimi namwosha nimegeuza uso, haraka haraka, nimalize nimfunike.

Mama hakubali kuswali mpaka aoshwe kwa sabuni. Kila ikiadhiniwa namwosha, mara tano kwa siku, mbali na zile anapochafuka. Natumia sabuni ya mche na maji ya moto niliyotia dawa ya kuua vijidudu, nasugua kwa taulo mpaka niridhike, kisha nampaka poda ya watoto. Dada ametuma kutoka Maskati vile vitambaa vya kupangusia vyenye manukato, navyo navitumia. Usiku namfunga pampasi mbili, moja juu ya nyingine, na chini nimetandika mpira ili godoro lisiharibike. Baada ya alasiri simpi maji ya kunywa.

Pamoja na yote hayo ngozi imeharibika. Wenyewe tu watu weusi, sioni wekundu wowote, naona kati ya mapaja na kwenye matako pamekuwa peusi kuliko kawaida, panang'aa kama pamepakwa mafuta, na sehemu mbili zimechubuka pakawa pa waridi na panatoa majimaji. Pembezoni kuna vipele vidogo vidogo. Nikimwagia maji anapiga kelele. Halafu juu kidogo, pale mfupa wa mgongo unapoishia, kuna doa la zambarau iliyoiva, kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili, gumu ukiligusa. Duka la dawa walinipa tyubu moja yenye dawa tatu ndani yake. Siku mbili palitulia, kisha pakazidi. Jirani akaniambia nipasue kapsuli ninyunyizie ule unga, nimefanya hivyo pia.

Choo chake kikubwa nacho sikielewi. Anakaa siku nne hapati, kisha anaanza kutoka majimaji kidogo kidogo kutwa nzima. Nilitaka kumnunulia vidonge vya kufunga tumbo.

Mjomba anasema tukamwekee mpira wa mkojo moja kwa moja tupumzike. Shangazi alisema mbele ya wageni kwamba mama anaoza kwa sababu mwanamume hajui kuosha mtu. Maneno yale yaliniuma, dada. Nifanye nini?

Mwana wa Pangani

*

Waaleikum salaam, mdogo wangu.

Kabla ya yote, shangazi amekosea. Mama haozi kwa uchafu. Kwa maelezo yako mwenyewe, mama huyu anaoshwa kupita kiasi, kwa vitu vikali, na kwa nguvu. Nimewaona wengi waliofika wodini na ngozi kama hiyo, na mara nyingi walikuwa wanatoka kwenye nyumba zenye bidii kubwa ya usafi. Bidii unayo tayari. Iliyobaki ni kuielekeza, na nitakuambia hatua kwa hatua nini uache na nini ushike.

Elewa kwanza ngozi inafanywa nini na mkojo. Ngozi yetu kwa asili ina tindikali kidogo, kati ya 4 na 6 kwenye kipimo cha pH, na hiyo tindikali ndiyo ngao yake dhidi ya vijidudu. Mkojo ukikaa juu yake huzaa amonia, ile harufu kali unayoisikia asubuhi, na amonia huiondoa ile tindikali. Kinyesi kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya hivyo hupata nguvu zaidi pale ambapo tindikali imeondoka. Ndiyo maana mkojo na choo vikikaa pamoja huunguza kuliko kimoja peke yake, na choo cha majimaji ndicho kibaya zaidi kwa sababu kinaenea kila kona na kimebeba vimeng'enya vingi. Sasa juu ya ngozi hiyo iliyolowa na kulegea, wewe unaleta sabuni ya mche, ambayo kwenye kipimo kile kile inafika 9 hadi 10, yaani mbali kabisa na tindikali, mara tano kwa siku, na taulo. Ngozi haipati saa ya kujirudisha.

Basi kuanzia leo sabuni ya mche ibaki kwa mashuka. Dawa ya kuua vijidudu usiitie tena kwenye maji ya mama, wala spiriti, wala vile vitambaa vya Maskati, kwa kuwa manukato na vihifadhi vilivyomo huunguza ngozi iliyochubuka. Poda nayo iache. Ikikutana na unyevu hugeuka madonge kwenye mikunjo, na madonge yale hukwaruza. Ile tyubu ya dawa tatu usiipake tena. Tyubu za namna hiyo kwa kawaida huwa na dawa ya fangasi, antibiotiki, na dawa ya kundi la steroidi kama betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache, ndiyo maana ulidhani amepona, lakini inapunguza kinga ya ngozi pale pale, inaifanya iwe nyembamba, na ikifunikwa na pampasi inazama ndani zaidi. Fangasi hupata nafasi. Unga wa kapsuli haukutengenezwa kwa kidonda. Unaganda, unaweza kumletea mzio, na unafundisha vijidudu kuizoea dawa ambayo kesho mama atahitaji kuinywa.

Kuosha kwenyewe kuwe hivi. Maji ya uvuguvugu, na uyapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kwa sababu upande wa kulia wa mama huenda hausikii moto ipasavyo na anaweza kuungua asiseme. Akiwa amekojoa tu, maji yanatosha. Akiwa amepata choo kikubwa, tumia kiasi kidogo cha sabuni ya maji ya kuogea isiyo na harufu, ile ya ngozi laini ikiwa inapatikana, na uisuuze yote. Kitambaa kiwe laini: khanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko taulo jipya. Anza mbele kwenda nyuma, usirudi. Usisugue. Choo kikiwa kimekauka, weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika moja mbili kilainike, au pakaza mafuta kidogo, kitatoka chenyewe. Kukausha ni kwa kugusisha kitambaa na kuinua, unagusisha na kuinua, hasa kwenye mikunjo: kati ya mapaja, mfereji wa matako, chini ya tumbo.

Hapa ndipo nataka tusemezane kama dada na kaka. Unasema unamwosha umegeuza uso. Naielewa heshima hiyo na naiheshimu. Lakini mkono usioongozwa na jicho husugua pale pale panapofikika na kuacha mikunjo ikiwa na unyevu, na hayo ndiyo maelezo ya ngozi uliyoniandikia. Inabidi uone. Stara ipatikane kwa njia nyingine. Mfunike mama khanga mbili, moja kifuani hadi kiunoni, moja kiunoni hadi miguuni, na ufunue kile tu unachokiosha wakati huo, kisha ukifunike kabla ya kwenda kwingine. Mlaze ubavu akupe mgongo. Kwa namna hiyo nyuma yote utaiosha bila ninyi wawili kutazamana usoni, na yeye atapata nafuu kuliko wewe. Sema kabla ya kugusa: "Mama, sasa nakugeuza," "Mama, maji haya." Aliyepoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi anasikia na kuelewa mengi. Usiku funga mlango, mchana shusha pazia, na wageni wasubiri ukumbini hata kama ni shangazi.

Na usijifanye uko peke yako mtaani. Pangani ninayoijua haikosi mama mmoja jirani, aliyecheza na mama yako utotoni au kupika naye vitumbua vya Ramadhani, ambaye akiombwa kwa adabu atakuja kila asubuhi kumwosha mbele. Mwombe. Si aibu kwa mwanamume kuomba hilo. Ikitokea hayupo na mama amechafuka, basi ni wewe, na kanuni ya kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa inafundishwa hata madrasa.

Hilo linanileta kwenye swala, maana naona ndilo linalomtia mama majonzi kuliko kidonda. Mimi ni muuguzi, fatwa siyo kazi yangu. Lakini suala la mtu anayetokwa na mkojo bila kujizuia si jipya, mafakihi wa madhehebu ya Shafii wamelieleza tangu kale: wakati wa swala ukiingia anatoharishwa, anawekewa cha kuzuia, anatia udhu, anaswali, na kinachomtoka baada ya hapo kwa ugonjwa huo hakimharibii. Na sabuni si sharti la kutoharisha, maji ndiyo. Kwa hiyo nenda kwa shekhe wa msikiti wenu, mweleze kwamba muuguzi amesema ngozi inadhurika, kisha mwombe aje mwenyewe aketi pembeni ya kitanda amwambie mama kwa kinywa chake. Neno lako wewe hatalikubali kwa hili, na lake atalikubali. Nimeshuhudia wazee waliokuwa wakigoma kunywa maji kwa hofu ya kunajisika wakilala usingizi mnono baada ya ziara ya nusu saa ya shekhe. Ukishapata ruhusa hiyo, zile nyakati tano zigeuze ziwe ratiba yako: kila adhana unamwagia maji taratibu bila sabuni, unakausha, unapaka kinga, unamgeuza ubavu. Adhana peke yake haitoshi, katikati yake kuna nafasi ndefu, lakini ni mwanzo ambao hutausahau.

Kinga ninayosema ni mafuta yanayokaa kati ya ngozi na mkojo. Duka la dawa ulizia krimu ya zinki, ile nyeupe wanayopakwa watoto wenye vipele vya nepi. Ikikosekana, mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanafaa. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kulainisha miguu na mikono yake, lakini kwa kuzuia mkojo ni mepesi mno, yanatoka upesi. Paka utando mwembamba kwenye eneo lote linalolowa, hata lile ambalo bado ni zima. Watu hupaka zinki utando mzito wakidhani ndiyo kinga zaidi. Matokeo yake inahamia kwenye pampasi, inaziba vitundu vyake, na mkojo unabaki juu ya ngozi. Na unapomsafisha, usihangaike kung'oa zinki yote. Futa tabaka la juu lililochafuka, lile safi lililoshika ngozi liache, ongeza juu yake. Wauguzi wapya huwa nawaambia hili kila mara, kwa sababu kidonda kinachoanza kuziba hupasuliwa tena na mkono unaotaka kuona ngozi "safi".

Vile vipele vidogo vya pembezoni, vilivyotawanyika nje ya eneo lililochubuka, ni alama inayojulikana ya fangasi. Kwa hiyo kabla ya zinki, paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, yenyewe peke yake bila kuchanganywa na chochote, asubuhi na jioni, nyembamba, isubiri inywewe na ngozi, kisha kinga juu. Usiiache mara vipele vikipotea. Endelea wiki mbili zaidi. Na fangasi kwa mgonjwa wa kiharusi inanifanya nitake kujua sukari yake. Apimwe.

Umenisaidia sana kwa kueleza rangi vizuri. Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa kwa ngozi nyeupe, vinasema "tafuta wekundu", na watu weusi tunachelewa kutibiwa kwa sababu ya neno hilo. Kwetu sisi tafuta peusi kuliko kawaida, zambarau, au pengine peupe kuliko pembeni, tafuta kung'aa, kisha weka mgongo wa kiganja chako usikilize kama pana joto zaidi, kama pamevimba, kama pamekuwa pagumu au teketeke. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilitoa mpango wa kuyagawa madhara haya ya ngozi: kundi la kwanza ngozi imebadilika rangi lakini nzima, la pili imechubuka, na kila kundi huulizwa kama lina dalili za maambukizi au halina. Mama yako kwa maelezo yako yuko la pili, lenye dalili. Ukifika kliniki waambie hivyo hivyo: imechubuka, na ina vipele vya fangasi.

Lakini lile doa la zambarau juu ya mfupa ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililonishtua katika barua yako. Mchubuko wa mkojo hutanda, hauna mpaka, hukaa kwenye mikunjo na nyama. Doa lililo juu ya mfupa, lenye umbo, gumu, ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Damu imekatwa pale kwa uzito wa mwili, na nyama inaweza kuwa inakufa chini wakati ngozi ya juu bado haijafunguka. Krimu haitibu hilo. Linatibiwa kwa kuondoa uzito. Asilalie mgongo tena, na wakati wa kula aketi wima. Mgeuze kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia, kushoto, na asilale ubavu kamili kwa sababu utahamishia kidonda kwenye nyonga: mwinamishe kidogo tu, mto nyuma ya mgongo wake ukimzuia, mto mwingine kati ya magoti. Chini ya mashavu ya miguu weka mto ili visigino vielee hewani. Usimburute. Tandika khanga au shuka lililokunjwa chini ya makalio yake, wewe ushike upande mmoja na mtu mwingine upande wa pili, mnyanyue kwa pamoja. Kuburuta kwenye shuka ndiko kunakomenya ngozi iliyolegea. Mkono uliopooza usiuvute, bega lake linaweza kuchomoka. Doa lenyewe usilikande hata kidogo, na usimkalishe juu ya pete ya mpira au duara la nguo. Vinabana damu kuizunguka sehemu ile ile unayotaka kuiokoa. Usiku, kama saa mbili zitakushinda ukiwa peke yako, usikate tamaa, mgeuze kila unapoamka na ulizia hospitali kama wanaweza kuwaazima au kuwaelekeza godoro la kupunguza mgandamizo.

Ule mpira wa kitandani nao usiguse ngozi. Juu yake pawe na shuka la pamba, lisilo na mikunjo. Pampasi iwe moja. Ya pili haifyonzi chochote mpaka ya kwanza imejaa, na katikati ya zote mbili panachemka joto na unyevu. Ichungulie kila baada ya saa mbili; ya mkojo mwingi badilisha, ya choo badilisha hapo hapo. Mchana akiwa kitandani huna haja ya kumfunga: mlaze juu yake ikiwa wazi, khanga juu, ngozi ipate hewa. Fedha ikikaba, nepi za kitambaa zinafaa kabisa mradi zibadilishwe mapema zaidi, kwa kuwa hazivuti unyevu mbali na ngozi. Zisuuze mara mbili, kwa maana mabaki ya sabuni na dawa ya madoa huunguza kama sabuni yenyewe, na zikikauka zipige pasi pande zote. Pasi siyo urembo hapa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi.

Fedha ya dada yako wa Maskati naomba ielekezwe kwenye tyubu za zinki, mashuka ya pamba, na mito.

Sasa choo. Siku nne hapati, kisha majimaji kidogo kidogo kutwa nzima: kwa mtu aliyelala kitandani, hiyo mara nyingi si kuhara. Choo kigumu kimeziba utumbo wa chini, na majimaji yanapenya pembeni yake. Ukimpa vidonge vya kufunga tumbo utazidisha kuziba. Usivinunue. Hili litazamwe na daktari au muuguzi kwa mkono, alizibue, ampe dawa ya kulainisha choo, na utashangaa: yale majimaji yatakoma, na mkojo pia unaweza kupungua kumtoka, kwa sababu utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Huenda theluthi ya taabu yako ya kufua inatokea hapo. Sitaapa, lakini ningeanzia hapo.

Maji mrudishie. Unapomnyima, mkojo unakuwa mchache lakini mkali, unaunguza zaidi, na choo kinazidi kuwa kigumu. Apewe mchana kutwa, kidogo kidogo, akiwa ameketi wima, na apunguziwe tu saa moja au mbili kabla ya kulala. Angalizo moja: akikohoa au sauti ikawa ya majimaji kila anapokunywa, kiharusi kimegusa kumeza. Hapo usimlazimishe maji mepesi, mpe vilivyo vizito kama uji na useme kliniki, maana maji yakiingia mapafuni ni hatari kuliko kidonda. Papai, mchicha, maharage yaliyopondwa vimsaidie choo. Dagaa, mayai na samaki vijenge ngozi. Vidonge vya presha uliza kama kimojawapo ni cha kukojosha. Kama kipo na anakimeza usiku, daktari anaweza kukihamishia asubuhi.

Mpira wa mkojo mjomba ameuleta kwa huruma, lakini siuungi mkono kama njia ya kudumu. Unaleta maambukizi ya njia ya mkojo, na kadiri unavyokaa ndivyo yanavyokaribia. Tena hauzuii choo kikubwa. Daktari anaweza kuuweka kwa muda kama kidonda cha mgongoni kitafunguka na mkojo unaingia ndani yake. Hiyo ni sababu ya haki. Kupumzika sisi siyo sababu.

Na usichukulie kwamba mama hatajizuia tena maisha yake yote. Wengi hurudisha sehemu ya uwezo huo miezi ya mwanzo baada ya kiharusi. Mpe nafasi: kila saa mbili au tatu mchana, na hasa nusu saa baada ya chai ya asubuhi ambapo utumbo huamka, mkalishe kwenye kiti cha choo. Fundi seremala atakukatia tundu kwenye kiti imara chenye mikono, alainishe kingo, ndoo chini. Mkubaliane alama, hata kugonga kitanda kwa mkono wa kushoto, ya kukuambia anataka kwenda. Siku atakayogonga na ukawahi, machozi yale utaona yanapungua.

Ukifuata haya, maumivu wakati wa kuosha yaanze kupungua ndani ya siku tatu hadi tano, na michubuko kuziba ndani ya wiki moja au mbili. Isipokuwa hivyo, mrudishe kituoni, fangasi au kijidudu kingine bado kipo. Lakini kwa lile doa na kwa choo kilichoziba usingoje siku tano. Mpeleke wiki hii, na kama hawezi kusafiri mwombe mhudumu wa afya wa mtaa au muuguzi wa kituo aje nyumbani. Na ukiona homa, usaha, harufu ya kuoza, nyama nyeusi, doa limefunguka na kuwa shimo, uvimbe unaosambaa kwa haraka sehemu za siri, au mama amelewa usingizi na kuweweseka kuliko kawaida yake, mtafutie gari usiku huo huo.